Waliokimbia Bila Namba

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa klabu yetu ya mbio. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa klabu, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mtoroke mapema: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie historia ya mbio za barabarani za kila mwaka, na Mwenyekiti kanipa dakika ishirini. Dakika ishirini kwa mambo ya zaidi ya miaka mia! Basi nimechagua mbio moja tu. Ni Comrades Marathon ya Afrika Kusini, kati ya miji ya Pietermaritzburg na Durban, kilomita zinazokaribia 90. Kwa kawaida mwaka mmoja wanateremka kwenda baharini Durban, mwaka unaofuata wanapanda kwenda Pietermaritzburg. Wengi wenu mnazijua kwa urefu wake. Leo urefu tuuweke pembeni.

Niwaulize. Tukisimulia historia ya mbio, huwa tunamtaja nani? Tunawataja washindi. Tunamtaja Filbert Bayi akishinda mita 1,500 pale Christchurch mwaka 1974. Tunamtaja Juma Ikangaa akishinda New York mwaka 1989. Ni haki yao, na mimi ni wa kwanza kupiga makofi. Lakini mshindi ndiye anayekaa barabarani muda mfupi kuliko wote! Anafika, anavishwa medali, anakwenda kuoga. Je, nani alizianzisha mbio hizo? Nani alikwenda kujiandikisha akaambiwa hapana, kisha akakimbia hivyo hivyo? Nani alifika watu wakiwa wanakunja viti? Hao ndio nitakaokaa nao jioni ya leo.

Habari yenyewe inaanzia huku kwetu. Ndiyo, Afrika Mashariki. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa katika ardhi hii, Waingereza walileta wanajeshi kutoka Afrika Kusini kumfukuza Mjerumani, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, na askari wake. Mmoja wa wanajeshi hao aliitwa Vic Clapham. Alizaliwa London, akahamia Afrika Kusini, na kazi yake ilikuwa kuendesha garimoshi. Huku hakuletwa kuendesha chochote. Alitembea. Inasemekana alitembea kilomita 2,700 akimwinda von Lettow, katika jua na matope. Malaria na kuhara damu viliua wengi kuliko risasi. Na von Lettow mwenyewe hawakumkamata. Alisalimu amri Novemba 1918, vita vikiwa vimeshakwisha Ulaya, huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia.

Clapham akarudi kwao. Wenzake wengi hawakurudi. Sasa, watu wakitaka kukumbuka waliokufa vitani hufanya nini? Hujenga sanamu. Dar es Salaam wana Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, na Nairobi wana yao. Mara ngapi umepita pale Samora ukainua macho kuitazama? Msinijibu. Clapham yeye alitaka ukumbusho ulio hai, ukumbusho unaotoka jasho. Hoja yake ilikuwa nyepesi kabisa. Kama makarani na mafundi, watu waliochukuliwa tu wakavalishwa sare, waliweza kutembea umbali ule wakiwa wagonjwa na wenye njaa, kwa nini mwanariadha aliyejiandaa ashindwe kukimbia kutoka mji mmoja mpaka mwingine?

Alipeleka wazo lake kwa wakuu wa riadha. Walimkatalia. Akaenda kwa chama cha askari waliorudi vitani, League of Comrades of the Great War. Walimkatalia. Walisema hakuna mwili wa binadamu utakaoweza. Mwaka 1919 akaomba, walimkatalia. Mwaka 1920 akaomba, walimkatalia. Mwaka 1921 chama kikakubali, na kikatoa mchango wake kwa shughuli nzima. Mnajua kilitoa kiasi gani? Pauni moja. Na ilikuwa ya mkopo, irudishwe! Mweka Hazina wetu, nakuona unatabasamu.

Tarehe 24 Mei 1921 wanaume 34 walisimama mbele ya jengo la halmashauri ya mji wa Pietermaritzburg. Barabara ilikuwa ya vumbi karibu yote. Wa kwanza kufika Durban alikuwa mkulima, Bill Rowan, kwa saa 8 na dakika 59. Waliomaliza walikuwa 16. Nawaomba mshike jambo moja hapo, nitalirudia: wote 34 walikuwa wanaume, na wote walikuwa Wazungu.

Kabla sijafika huko, mniruhusu nicheke kidogo, maana historia ya mbio hizi ina vituko. Mwaka 1922 Clapham alimshawishi usiku wa kuamkia mbio mwalimu mmoja mcheza raga, Bill Payn, ambaye miaka miwili baadaye aliichezea timu ya taifa ya Afrika Kusini. Payn hakuwa na viatu vya kukimbilia. Alikimbia na viatu vyake vya raga! Njiani akaingia hotelini akala nyama na mayai. Akaendelea. Mbele akasimama tena kula mchuzi wa kuku. Akaendelea. Akanywa bia, akanywa na vikali zaidi ya bia, na bado alimaliza wa nane. Kesho yake alikuwa na mechi ya raga, na kwa kuwa miguu ilikuwa imejaa malengelenge, aliicheza na viatu vya kukimbilia. Kocha wetu, tafadhali usiitumie habari hii kwenye mafunzo.

Kuna huyu mwingine, Phil Masterton-Smith. Mwaka 1931 alishinda akiwa na miaka 19, akimpita mwenzake kwa sekunde mbili tu. Kilomita karibu 90, tofauti sekunde mbili! Mwaka 1933 alitaka kurudi, lakini alikuwa Cape Town na hakuwa na nauli ya garimoshi. Akafanyaje? Akapanda baiskeli. Alipiga pedali kilomita zipatazo 1,500 hadi Pietermaritzburg, kisha akakimbia, akamaliza wa kumi. Miaka tisa baadaye aliuawa vitani Tobruk, Libya. Mbio zilizoanzishwa kuwakumbuka waliokufa vita vya kwanza zikapata wa kuwakumbuka kutoka vita vya pili. Toka mwaka 1941 hadi 1945 hazikukimbiwa kabisa.

Na kule kuwika kama jogoo? Mwaka 1948, pale mstari wa kuanzia, mkimbiaji Max Trimborn alizidiwa na wahaka, akaweka mikono mdomoni akawika kama jogoo. Watu wakacheka. Mwaka uliofuata wakamtaka awike tena. Baadaye sauti yake ikarekodiwa, na mpaka leo mtu huyo aliyekwisha kufariki anawika kabla ya mlio wa kuanzia. Hakuna kikao kilichopitisha azimio hilo. Naliweka mezani kwa sababu kamati yetu mwaka huu imekesha ikibuni "mila za mbio zetu". Ndugu zangu, wekeni maji ya kutosha barabarani. Mila zitajizaa.

Sasa nirudi kwenye lile nililowaomba mlishike.

Mwaka 1923, mara ya tatu tu mbio hizo kufanyika, alikuja mama mmoja, karani wa Durban, Frances Hayward. Aliomba kujiandikisha. Akakataliwa; hizi ni za wanaume. Alirudi nyumbani? Hakurudi nyumbani. Alisimama na wenzake, akaondoka nao, akamaliza kwa saa 11 na dakika 35. Medali hakupewa. Ndipo watazamaji na wakimbiaji wenzake wakamzawadia seti ya vyombo vya chai vya fedha. Mnaona ajabu hiyo? Sheria ilimkataa, watu wakampokea. Mara nyingi watu hutangulia, sheria ikafuata nyuma ikihema. Hapo ilihema kwa zaidi ya miaka hamsini.

Baada yake, kuanzia 1931, akaja Geraldine Watson, akakimbia miaka mitatu mfululizo, naye bila namba.

Mwaka 1935 akaja Robert Mtshali. Mtshali alikuwa Mwafrika mweusi. Yeye pia hakuruhusiwa kujiandikisha. Naye alikimbia, akamaliza kwa saa 9 na nusu hivi. Saa 9 na nusu! Wangapi humu ndani wangeusogelea muda huo hata leo, na viatu vyetu hivi vya kisasa? Lakini kwenye orodha rasmi ya waliomaliza mwaka huo, Mtshali hayumo.

Hapa nataka tutulie, maana hapa ndipo historia hii inatugusa sisi moja kwa moja. Clapham alianzisha mbio kwa ajili ya wenzake waliotembea naye katika ardhi hii. Je, alitembea na Wazungu peke yao? Nani alibeba risasi? Nani alibeba unga, mahema, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande? Walikuwa wapagazi. Walikuwa babu zetu, waliokusanywa vijijini kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu. Kariakoo ya Dar es Salaam, pale tunaponunua mitumba, ilikuwa kambi ya wapagazi hao. Walikufa makumi ya maelfu, kwa njaa na magonjwa, na wengi hata makaburi yao hayajulikani. Kama kuna waliotembea mpaka wakaisha, ni wao. Na zilipoanzishwa mbio za kukumbuka mateso ya safari ile, mtu mwenye rangi yao akaambiwa asiziingie.

Simlaumu Clapham peke yake. Ndivyo nchi yake ilivyokuwa. Wala sitaki kumsafisha. Mtu anaweza kuanzisha jambo jema akaliwekea mlango mwembamba. Yote mawili ni kweli, na anayesimulia moja akaacha jingine anatudanganya.

Mlango ulifunguliwa lini? Mwaka 1975, katika mbio za hamsini. Mwaka huo wanawake na Waafrika waliruhusiwa rasmi kwa mara ya kwanza, na Vincent Rakabaele kutoka Lesotho akawa mkimbiaji mweusi wa kwanza kupata medali rasmi ya mbio hizo. Kutoka Hayward mpaka hapo ni miaka 52. Kutoka Mtshali ni miaka 40.

Lakini kufunguliwa mlango ni jambo moja na kuwa mwenye nyumba ni jingine. Mbio zenyewe zilikuwa zimefungwa kwenye kalenda ya watawala. Mwanzoni zilikimbiwa tarehe 24 Mei, sikukuu ya Dola ya Uingereza. Nchi ilipokuwa jamhuri mwaka 1961, ya makaburu, zikahamia 31 Mei, sikukuu ya jamhuri hiyo. Mwaka 1981 serikali ikawa inasherehekea miaka ishirini ya jamhuri, na mbio zikaingizwa kwenye shamrashamra. Bruce Fordyce, kijana Mzungu kutoka chuo kikuu, alikimbia na kitambaa cheusi mkononi kupinga jambo hilo. Wengine walimzomea na kumrushia nyanya. Alishinda. Akaja kushinda mara tisa kwa jumla. Ubaguzi ulipoanguka, mwaka 1995 mbio zikahamishiwa 16 Juni, siku ya kuwakumbuka vijana wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Hapo pia palizuka mabishano: je, siku ya msiba wa taifa ni siku ya kukimbia na kupiga vigelegele? Mwaka 2007 zikaondolewa kwenye tarehe hiyo, zikawekwa Jumapili. Kumbe hata tarehe ya mbio ina mwenyewe. Sisi tuliopanga yetu kwa kuangalia tu ukumbi ulikuwa wazi lini, tumepata bahati.

Kama ningeambiwa nichague mwaka mmoja tu wa kwenda kusimama kando ya barabara ile, ningechagua 1989. Sikilizeni yaliyotokea siku moja.

Wa kwanza kufika ni Sam Tshabalala. Mtu mweusi wa kwanza kushinda Comrades, na Mandela bado yuko gerezani.

Wa kumi na tano kufika ni mwanamke, mwalimu, Frith van der Merwe, kwa saa 5, dakika 54 na sekunde 43. Nimesema wa kumi na tano kwa wote, wanaume ndani! Rekodi yake ya wanawake kwa njia ya kuteremka ilidumu miaka 34, mpaka Gerda Steyn alipoivunja mwaka 2023. Mama Hayward wa mwaka 1923, karani uliyeambiwa hizi ni za wanaume, umesikia?

Na nyuma, nyuma kabisa, yuko mzee. Wally Hayward. Majina yamefanana na ya yule mama, msichanganye. Wally alishinda mbio hizi mwaka 1930 akiwa na miaka 21. Akashinda tena mara nne miaka ya hamsini. Mwaka 1988, akiwa na miaka 79, alirudi akamaliza chini ya saa 10. Ingetosha. Mke wangu angesema ingetosha. Mwaka 1989, ana miaka 80, akaingia tena. Siku hiyo miguu iligoma. Muda wa mwisho wakati huo ulikuwa saa 11. Aliingia uwanjani akiyumba, umati umesimama, akavuka mstari zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili.

Nimewahi kusikia wakimbiaji wakibishana kuhusu kanuni hiyo ya muda wa mwisho. Siku hizi ni saa 12. Saa 12 zikitimia, mwamuzi anasimama kwenye mstari wa kumalizia akiwapa mgongo wanaokuja, asimwone yeyote, na kufyatua bastola. Baada ya mlio huo hakuna medali. Umebakiza hatua tatu? Hakuna. Umekimbia kilomita 89? Hakuna. Wengine wanasema ni ukatili. Mimi nasema mwamuzi anampa mkimbiaji mgongo kwa kuwa anamheshimu: hatazami kama anayekuja ni tajiri au mlinzi wa usiku, ni rafiki au mgeni, ni mweupe au mweusi. Kwa mbio zilizowatazama watu rangi kwa miaka hamsini, mwamuzi asiyetazama ni hatua kubwa. Halafu kanuni hiyo imezaa jambo ambalo hakuna zawadi ya fedha ingelizaa. Watu hawaondoki. Washindi wamefika zamani, na bado uwanja umejaa, watu wamesimama kwenye viti wakiwapigia kelele wasiowajua wanaojikokota kwenye mita mia za mwisho. Wakimbiaji wasiojuana hubebana mabegani kuvuka. Niambieni, mbio gani nyingine mnazozijua ambako saa ya mwisho ina watu wengi kuliko saa ya kwanza?

Mwaka 2019 waandalizi walianzisha medali mpya kwa wanaomaliza kati ya saa 9 na saa 10. Wameiita medali ya Robert Mtshali. Miaka 84 baada ya yeye kumaliza bila kuandikwa, kila mwaka watu kwa mamia huvishwa jina lake shingoni. Mwaka 2021 mbio zilitimiza miaka mia tangu zianze, na hazikukimbiwa kwa ajili ya korona, zilirudi 2022.

Najua muda umekwisha, Katibu ananionyesha saa. Nimalize na kamati yetu ya maandalizi, kwa kuwa mbio zetu ziko mlangoni na nina maombi mawili.

La kwanza. Mwaka jana matokeo tuliyobandika yalikuwa ya kumi wa kwanza wanaume na kumi wa kwanza wanawake. Mwaka huu naomba daftari liandikwe mpaka mtu wa mwisho, jina na muda, na anayekimbia bila namba naye aandikwe, hata kwa maelezo ya pembeni. Muda wa Mtshali tunaujua leo kwa sababu mwaka 1935 kuna mtu aliyeshika saa akamtazama akifika, ingawa hakulazimika. Nimezungumza na dada wawili wa sekretarieti, wako tayari kukaa mezani mpaka mwisho. Wanahitaji kivuli, kalamu na mtu wa kuwaletea chakula.

La pili. Kwenye ratiba iliyosambazwa, spika zinang'olewa na kupakiwa garini mara baada ya kutoa zawadi, wa mwisho wakiwa bado barabarani. Nimeuliza, nimeambiwa gari lina safari nyingine. Basi tutafute gari jingine. Mimi nachangia mafuta. Nani ananiunga mkono? ... Nimeona mikono mitatu, minne. Katibu, waandike.

Ndugu Mwenyekiti, narudisha kipaza sauti.